Ukurasa wa nguo uvae rangi gani? Mipango minne ikilinganishwa

Muuza simu akiamua ukurasa wake uwe wa bluu, mambo yameisha. Simu haina maneno. Muuza nguo hana raha hiyo. Bidhaa yake ndiyo rangi, na rangi hiyo hubadilika kila mzigo unapoingia. Ukishapanga posti zote ziwe za bluu, wiki inayofuata yanakuja magauni ya machungwa, kisha mashati ya kijani, na unabaki kujiuliza: nibadili ukurasa au niyafiche magauni?

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni "rangi gani inauza?" Anayeuliza amekwisha kusikia kwamba nyekundu huamsha hamu, bluu huleta imani, nyeusi ni ya watu wa hadhi. Siyatupi maneno hayo, ila siyajengei nyumba. Nyekundu ya hariri na nyekundu ya fulana ya mazoezi hazisemi jambo moja, hata kama ukizipima kwenye skrini unakuta ni ile ile. Kinachoshikika zaidi ni ujirani: rangi ikikaa kando ya nyingine, hutokea nini? Hapo ndipo mipango minne inayotumika sana inapoachana. Kuna wa rangi moja kwa vivuli vyake, wa rangi jirani, wa rangi kinzani, na wa mandhari tulivu yenye rangi moja ya saini.

Maneno ya kazi kabla ya kulinganisha

Mwaka 1704 mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton alichapisha mchoro uliokunja mstari wa upinde wa mvua ukawa mviringo. Tangu hapo maduara ya rangi yamekuwa mengi, na mawili ndiyo yanayokuhusu. La wachoraji, la nyekundu, manjano na bluu, huweka nyekundu mkabala na kijani. La mwanga wa skrini, la nyekundu, kijani na bluu, huweka nyekundu mkabala na samawati inayoelekea kijani. Programu za kupangia rangi hutumia moja au jingine bila kukuambia. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kutafuta mpinzani wa nyekundu, wakarudi na majibu mawili, na wote wakawa sahihi.

Jambo la pili ni la Mmarekani Albert Munsell, ambaye mwaka 1905 aliigawa kila rangi katika sifa tatu: jina lake, mwangaza wake (iko karibu na nyeupe au na nyeusi), na ukolezi wake (imekolea au imepauka). Wengi wetu huchagua jina tu. Posti nyingi zinazokwama, zimekwama kwenye hizo sifa mbili nyingine.

Vigezo

*Kuonekana.* Mtu anapitisha kidole, posti yako ina nafasi ndogo na muda mfupi. Je, nguo inajitokeza?

*Ukweli wa nguo.* Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu kikiharibika mteja hurudisha mzigo. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimepauka. Alizipima, akakuta rangi haina kosa. Kosa lilikuwa la majirani: nyeusi hiyo ilifumwa kando ya bluu na zambarau, na jicho likiilinganisha nazo huiona imechuja. Alichapisha kanuni yake mwaka 1839, na bado inafanya kazi kwenye simu yako: gauni jeusi mbele ya ukuta wa bluu iliyokolea litaonekana limefuliwa mara nyingi. Na aliyekuwa mtandaoni Februari 2015 anakumbuka lile gauni ambalo wengine walilisoma jeupe na dhahabu, wengine bluu na nyeusi. Lilikuwa bluu na nyeusi. Picha haikuonyesha vizuri mwanga unatoka wapi, kila jicho likakisia kivyake.

*Maandishi.* Jina, saizi, "zimebaki mbili". Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, iliyotolewa na shirika la viwango vya mtandao la W3C, katika kiwango chake cha kati (AA) hutaka maandishi ya kawaida yapishane mwangaza na kilicho nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5:1, na makubwa 3:1. Vipimo vya bure viko mtandaoni. Unaingiza rangi mbili, unapata namba.

*Mzigo ukibadilika.* Mpango utabaki na maana stoki ikigeuka?

Mpango wa kwanza: rangi moja kwa vivuli vyake

Unachagua rangi moja, tuseme waridi, na kila kitu kinatoka humo: waridi jepesi la kuta, waridi kali la nguo, damu ya mzee kwa maandishi. Mfano uliovuma ni onyesho la nyumba ya mitindo ya Valentino la Machi 2022, ambapo mbunifu wake wa wakati huo, Pierpaolo Piccioli, aliwatoa wanamitindo karibu wote katika waridi moja kali iliyotengenezwa pamoja na Pantone, kampuni ya viwango vya rangi, na sehemu ndogo ikawa nyeusi.

*Kuonekana.* Mtu akifungua ukurasa wako mzima, hukutambua hata kabla ya kusoma jina. Posti moja moja ni habari nyingine. Ikichanganyika na za wengine hutegemea ukolezi; waridi lililopauka hupita kama halikuwepo.

*Ukweli wa nguo.* Hapa mpango huu una sura mbili. Jicho likikosa rangi nyingine ya kuhangaika nayo, hugeukia kitambaa: mikunjo, mshono, ufumaji, jinsi satini inavyorudisha mwanga na pamba inavyoumeza. Kwa nguo za ufundi hiyo ni zawadi kubwa. Lakini ukuta uliokolea kuliko nguo huinyonya. Gauni la waridi la wastani mbele ya waridi linalowaka huonekana limechoka, na wewe unajua si kweli. Basi ukuta upauke, nguo ikolee.

*Maandishi.* Rahisi, mradi uruke hatua: jepesi juu ya zito. Wastani juu ya wastani ndio mtego, na hauonekani kwako kwa sababu wewe tayari unajua kilichoandikwa.

*Mzigo ukibadilika.* Hapa ndipo mpango unapovunjika. Unadai nguo zikubaliane na ukurasa. Kama unauza kinachoingia, utaishia kuweka filta ya waridi juu ya shati la kijani, na hapo umeshaanza kudanganya.

*Inamfaa* mwenye bidhaa ya rangi chache zinazojirudia, kama jinzi au nguo nyeupe za arusi, na mbunifu anayezindua mkusanyiko mmoja uliofikiriwa tangu kitambaa.

Mpango wa pili: rangi jirani

Rangi tatu zinazofuatana kwenye duara: manjano, machungwa na nyekundu; au kijani, kijani-bluu na bluu. Moja itawale, ya pili isaidie, ya tatu ionjwe tu.

*Kuonekana.* Ukurasa hutulia, na posti haigombani na jirani yake. Hatari ni utulivu ukizidi; watu wanaweza kuupenda ukurasa wako bila kukumbuka kipande hata kimoja.

*Ukweli wa nguo.* Majirani hawasukumani kwa nguvu, kwa hiyo nguo hubaki karibu na ilivyo. Ila kuna mambo mawili yanayosahaulika. La kwanza ni ngozi. Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe, maji ya kunde au nyeusi tititi, iko upande wa machungwa wa duara. Kinachotofautiana sana ni mwangaza na ukolezi. Ukichagua familia ya rangi za joto, mvaaji na ukuta huanza kuwa kitu kimoja. Kwa kitani, sufu na ngozi za viatu hilo linapendeza, picha nzima huwa na joto moja. Ukitaka uso na mikono ijitokeze, familia ya bluu na kijani hufanya kazi hiyo bila jasho.

La pili ni kamera. Simu hukisia rangi ya mwanga yenyewe. Picha ikijaa rangi za familia moja ya joto, simu inaweza kudhani taa ndiyo yenye kosa, ikavuta kila kitu kuelekea bluu. Posti inayofuata, yenye nguo nyeupe ndani, haivutwi, na gauni lile lile linatoka na rangi mbili. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga ambacho namba ndogo ni njano zaidi, mwanga wa mchana uko karibu na 5500 na balbu za njano karibu na 2700, kwa hiyo ukichanganya dirisha na balbu umeikoroga zaidi. Dawa ni kutumia chanzo kimoja cha mwanga, kupiga picha ya kwanza ukiwa na karatasi ya kijivu, kisha kufunga urari wa weupe (mpangilio wa kamera unaoamua nyeupe ni ipi) kabla ya kuendelea. Mpango wa kwanza una ugonjwa huu pia, na wakati mwingine vibaya zaidi.

*Maandishi.* Majirani mara nyingi hulingana mwangaza, kwa hiyo usiandike rangi moja ya familia juu ya nyingine kabla ya kupima. Manjano ndiyo sumu ya kipekee: nyeupe juu ya manjano safi ya skrini ina uwiano wa karibu 1.07:1, yaani haisomeki kabisa, ilhali nyeusi juu yake hufika 19:1 na zaidi.

*Mzigo ukibadilika.* Hustahimili kwa ujanja mmoja ninaoupenda: familia hutembea. Msimu ukigeuka, unaiacha rangi ya mwisho upande mmoja na kuongeza mpya upande wa pili. Manjano inaondoka, zambarau-nyekundu inaingia, wafuasi hawashtuki kwa sababu rangi mbili kati ya tatu wanazijua. Mzigo wa rangi zote kwa wakati mmoja, hata hivyo, hauwezi.

*Inamfaa* mwenye stoki ya msimu inayochaguliwa na mtu mmoja mwenye jicho moja, na anayeuza hisia ya maisha zaidi ya kipande kimoja kimoja.

Mpango wa tatu: rangi kinzani

Nguo ya machungwa mbele ya bluu. Manjano mbele ya zambarau. Hakuna mpango unaogeuza shingo haraka kuliko huu, na hakuna unaoadhibu uzembe haraka hivyo.

*Kuonekana.* Hauna mshindani kwa posti moja. Lakini rangi mbili kinzani zikiwa zote zimekolea na zote zina mwangaza sawa, mpaka wao hutetemeka machoni na mtu hupita ili apumzike. Tenganisha mwangaza: bluu ya usiku na machungwa yenye kung'aa. Halafu usigawe nusu kwa nusu. Johannes Itten, aliyefundisha katika Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, alitumia uwiano alioutoa kwa mwandishi Mjerumani Goethe: sehemu moja ya manjano kwa tatu za zambarau, moja ya machungwa kwa mbili za bluu, nyekundu na kijani sawa kwa sawa. Kwa rangi zilizokolea kabisa ni mwanzo mzuri. Ukipausha moja, ipe nafasi kubwa zaidi.

*Ukweli wa nguo.* Kanuni ya Chevreul inageuka kuwa chumvi: kila rangi huikoleza ya mwenzake. Gauni la machungwa litaonekana la machungwa kuliko lilivyo kabatini. Mteja analifungua chumbani kwake, hakuna ukuta wa bluu, anaona limefifia. Hakuna aliyedanganya, na pesa inadaiwa. Niliwahi kupangia duka moja kampeni ya namna hii. Picha zilisambaa, na malalamiko ya "siyo rangi niliyoiona" yakafuata nyuma yake. Tangu siku hiyo kila posti kinzani huiwekea picha ya pili ya kutelezesha: nguo ile ile, ukuta wa kijivu, mwanga wa dirisha.

*Maandishi.* Dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Watu huamini rangi zikipingana, herufi zitasomeka. Nyekundu safi juu ya kijani cha wastani, kile ambacho wasanifu wa tovuti hukiandika #008000, ina uwiano usiofika hata 1.3:1. Ongeza kwamba kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200 huchanganya nyekundu na kijani kwa kiwango fulani. Bluu na machungwa ni jozi salama zaidi kwao. Video nayo ina lake: picha inapobanwa ili ipite mtandaoni, habari za rangi huhifadhiwa kwa ukali mdogo kuliko za mwangaza, kwa hiyo herufi nyembamba nyekundu juu ya bluu hutoka zimechafuka kingo hata kama kwenye kompyuta yako zilikuwa safi. Andika kwa nyeupe au nyeusi, uziache rangi zipigane nyuma.

*Mzigo ukibadilika.* Inawezekana, kwa gharama. Kila nguo idai ukuta wake, na ukurasa ugeuke kanga ya viraka. Wapo wanaoufanya uwe mtindo, kila posti na mpinzani wake, na unavutia kweli. Unahitaji karatasi za ukutani za rangi nyingi na uvumilivu wa kupima kila moja.

*Inamfaa* mwenye kipande kimoja cha kukisukuma: toleo jipya, punguzo la siku chache, nguo za mazoezi, stori inayotoweka kesho.

Wapo watakaouliza kuhusu utatu, yaani rangi tatu zilizogawana duara sawasawa kama nyekundu, manjano na bluu. Ni mtoto wa mpango huu, mwenye kelele kidogo na furaha zaidi. Unakaa vizuri kwenye nguo za watoto. Tawalisha moja, mbili zipaushe, na mengine yote niliyosema hapo juu yanabaki.

Mpango wa nne: mandhari tulivu na rangi moja ya saini

Kuta za kijivu, krimu au nyeupe, na rangi moja inayotokea kila mara mahali pale pale: mstari wa chini, lebo, mkanda wa kufungia, ukurasa wa kwanza wa kila mfululizo.

*Kuonekana.* Posti moja haipigi kelele. Nguvu yake ni marudio, na marudio hutaka miezi. Hermès, wauza mikoba, wana machungwa ya sanduku; Tiffany, wauza vito, wana bluu yao. Zimetulia mahali pamoja mpaka zikawa jina. Kesi ya mbunifu wa viatu Christian Louboutin dhidi ya nyumba ya mitindo ya Yves Saint Laurent inafundisha hapa. Septemba 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba soli nyekundu ya Louboutin inalindwa kama alama ya biashara pale inapotofautiana na sehemu ya juu ya kiatu. Kiatu chekundu juu mpaka chini, kama kile cha Yves Saint Laurent, hakikuingia ndani ya ulinzi huo. Kwa maneno ya mbunifu: saini ni saini kwa sababu kilichoizunguka kimenyamaza. Ukiipaka kila mahali, umerudi kwenye mpango wa kwanza.

*Ukweli wa nguo.* Bora kati ya minne, kwa tahadhari. Kijivu cha wastani hakisukumi rangi yoyote. Nyeupe inayong'aa huifanya kamera ipunguze mwanga, nguo nyeusi ikawa shimo na mvaaji mweusi akapoteza sura. Ongeza mwanga kidogo kwa mkono kabla ya kubonyeza. Krimu nayo si kimya kama inavyojifanya. Ni machungwa yaliyopauka sana, kwa hiyo huikoleza bluu kidogo.

*Maandishi.* Hakuna shida, isipokuwa saini yenyewe ikiwa jepesi. Manjano au waridi la maziwa liwe mstari au doa, lisiwe herufi.

*Mzigo ukibadilika.* Hustahimili chochote. Udhaifu wake ni kwamba kila mtu ameshaligundua hilo. Kuna kurasa nyingi za krimu ambazo ukifunika jina huwezi kuzitofautisha, na saini iliyochaguliwa kwa woga haiwezi kuziokoa.

*Inamfaa* mwenye stoki ya kila rangi, anayepiga picha mwenyewe, na anayechoshwa na marejesho.

Uko katika hali gani?

Unaanza leo, una simu na dirisha: chukua wa nne, na utumie muda uliobaki kuchagua saini isiyofanana na ya mtu unayemwona kila siku.

Unauza mitumba au vipande ambavyo havijirudii: wa nne tena, au wa tatu wenye ukuta mmoja usiobadilika, bluu ya usiku kwa mfano, ukikubali kwamba nguo nyeusi na za bluu zitahitaji ukuta mwingine.

Wewe ni mbunifu wa mikusanyiko miwili kwa mwaka: rangi moja kwa wiki ya uzinduzi, watu washibe, kisha ilegeze iwe familia ya jirani kwa miezi inayofuata. Usiufanye uzinduzi udumu mwaka mzima.

Una wafuasi wengi lakini posti za punguzo hazisogei: usibadili ukurasa. Weka posti mbili au tatu kinzani ndani ya ukurasa tulivu. Zitaonekana kwa sababu ni ngeni hapo, na zikianza kuwa kumi zitakoma kuonekana.

Wateja wanalalamika kuhusu rangi: kabla ya kugusa mpango, gusa mwanga. Zima balbu, funga urari wa weupe. Marejesho yakiendelea baada ya hapo, ndipo ushuku ukuta.

Umebaki kati ya miwili na huamui: piga gauni moja mbele ya kuta zote mbili. Geuza picha ziwe za kijivu kwanza; ambayo gauni limezama ndani ya ukuta, itengenezwe mwangaza au iachwe. Kisha mpe rafiki gauni lenyewe mkononi, asimame karibu na dirisha, umwonyeshe picha zote mbili kwenye simu yake, si yako, umuulize ni ipi kati ya hizo inayofanana na gauni aliloshika.